Kilima Kilichonifunga Taya

Ukiamka asubuhi ukaona mdomo wako hautaki kupanuka, na uliumia hivi karibuni, hata kama kidonda kimeshakauka, usiende shule. Usiende shambani wala kwa maombi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukifika usikubali kuwekwa kwenye benchi pamoja na watu wa kikohozi. Mengine nitayaeleza yote, hata yale ya aibu, kwa sababu nilipokuwa nimelala kule gizani hakuna mtu aliyeniambia kwamba mtu hupata pepopunda na akapona. Wote walionizunguka walijua tu hadithi za waliokufa.

Mimi ni Awuor. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa, na kwetu ni Muhuru, hapo juu kidogo ya ufuo wa ziwa ambapo omena, wale dagaa wadogo, huanikwa. Mimi si mtu wa maneno. Nikiulizwa swali mbele ya watu shingo yangu inashika moto, na nikijibu, najibu chini kwa chini mpaka niulizwe tena. Binamu yangu Odhis alikuwa akisema, "Huyu hata akiumwa na nyoka ataandika barua." Na kweli nilikuwa naandika, kila jioni, kwenye daftari kuukuu la jiografia, na karibu kila siku niliandika juu ya baiskeli.

Baba yangu ni fundi wa baiskeli sokoni. Kwetu baiskeli ni blakmamba, zile nyeusi nzito za kubebea magunia ya omena. Lakini kuna mzungu alikuja kutembea kisiwa cha Takawiri akaacha gazeti lenye picha za baiskeli za kupandia milima, tairi zake nene kama mkono wa mvuvi, watu wamevaa kofia ngumu wanaruka mawe kando ya bahari yao huko kwao. Odhis alilipata hilo gazeti, na kuanzia hapo hatukulala. Yeye na vijana wenzake walitoa kwenye blakmamba madigadi, keria, kengele, stendi, kila kitu kisichozunguka. Baba akawatafutia tairi pana, akageuza usukani. Kisha wakaanza kupanda kilima kilicho nyuma ya soko mpaka kwenye mawe ya juu na kushuka kwa njia ya ng'ombe hadi ufuoni. Kushuka huko walikuita kumwaga. "Jumapili tunamwaga," wangesema. Ilikuwa Jumapili kwa sababu Jumamosi ni Sabato, na siku hiyo Baba hagusi hata spana.

Msichana nilikuwa peke yangu. Mama alilalamika kwamba nitakosa mume kwa sababu ya miguu ya mvulana, na ni kweli miguu yangu ilikuwa imekaza, shavu la mguu limesimama kama embe. Nililipenda. Nilipenda pia kwamba kilima hakiniulizi swali. Ukishaachilia breki, mawe yanakugonga mpaka kwenye meno, machozi yanarudi nyuma masikioni, na mimi ambaye darasani sisikiki nilikuwa napiga ukelele mpaka kina mama wa omena ufuoni wanaweka mikono kiunoni kunitazama.

Mvua ndefu zilikuwa zinaisha nilipoanguka. Maji yalikuwa yamechimba mfereji katikati ya njia, na mimi niliuona nikiwa nimeshachelewa. Gurudumu la mbele lilizama, mimi nikapita juu ya usukani, na baiskeli ikanifuata. Ile pedali ilikuwa imepoteza raba zake, imebaki vyuma viwili vitupu, na chuma kimoja kiliingia kwenye shavu la mguu na kushuka nalo karibu mpaka kisigino. Nilisikia nyama ikichanika. Ni sauti ndogo, kama kitambaa kipya.

Odhis alifika wa kwanza. "Usiguse! Nyinyi, leteni udongo!"

Hii ndiyo desturi ya vijana wa kilima chetu. Mahali ulipoangukia ndipo unapochotewa udongo, unajazwa kwenye kidonda mpaka damu isimame, na aliye karibu anatema mate juu. Walisema kilima kikishakutoa damu kinataka ukibebe kidogo, la sivyo kitakungoja pale pale. Kila mmoja wao alikuwa na kovu lenye rangi nyekundu ndani yake, na walionyeshana makovu hayo kama askari. Basi walinijaza. Njia ile ni ya ng'ombe, kwa hiyo nusu ya udongo ule ilikuwa mavi. Nilikuwa nauma ukosi wa shati nisilie, na pia nilikuwa na furaha, kwa sababu hawakuwahi kumfanyia msichana hivyo.

Mama alikiosha kwa maji ya chumvi, lakini juu juu tu kwa sababu nilikuwa napiga kelele. Baba akaangalia, akasema, "Kinafunga vizuri." Na kilifunga vizuri. Hicho ndicho kilichotudanganya wote. Ndani kulikuwa na kilima kizima.

Kidonda kilikuwa kimeanza kuwasha, ule muwasho wa kupona, niliposhindwa kula mandazi. Nilidhani ni jino. Chai ilipita, uji ulipita, nikanyamaza. Sasa hapa ndipo mtu anaweza kucheka. Kwetu jioni tunasoma Biblia, kila mtu mstari wake, na ikifika kwangu mara nyingi natikisa kichwa na Baba anausoma wangu pia. Jioni ile nilitikisa kichwa. Ya pili nilitikisa tena. Nilikaa na taya limefungwa, nikanywa uji nao meza moja, nikaosha vyombo na Mama, na hakuna mtu hata mmoja nyumbani aliyegundua kwamba nimeacha kuongea.

Aliyegundua ni mwalimu wa Kiswahili.

"Awuor, simama. Tusomee aya ya pili."

Nikasimama na kitabu. Meno hayakuachana.

"Soma."

Darasa likaanza kunong'ona. Mvulana wa nyuma akasema, "Mwalimu, huyo ni bubu wa kujitakia." Wakaangua kicheko. Mwalimu akaja mpaka kwenye dawati langu, akaniangalia usoni, na uso wake ukabadilika.

"Unanichekea mimi?"

Sikuwa nacheka. Ugonjwa huu unavuta pembe za mdomo juu, unakuchonga tabasamu ambalo si lako, lakini sikuwa na kioo na sikujua. Nilijua tu kwamba anachukua kiboko. Akaniinamisha kwenye dawati. Cha kwanza niliumia kama kawaida. Cha pili mgongo ulikaza. Cha tatu kiliposhuka, kitu kilinishika kutoka kisogoni mpaka visigino na kunikunja kinyumenyume kama mtu anayekunja spoki kwa koleo. Nilianguka sakafuni nikiwa nimesimamia kisogo na visigino, tumbo juu, na katikati hapakugusa chini. Niliuma ulimi. Nilisikia wasichana wakipiga mayowe, na kila yowe lilinikunja upya.

Nilisikia kiboko kikidondoka. Mwalimu alikuwa anasema, "Sikumpiga sana. Mmeona wenyewe, sikumpiga sana." Simchukii. Nimeandika hapa ili mwalimu mwingine akiona mtoto mkimya anatabasamu vibaya, amguse taya kwanza.

Zahanati ya kwetu muuguzi hakuchukua muda. Alinigonga shavu kwa kidole, taya likaruka, akasema, "Pepopunda. Dawa yake hapa sina. Mpelekeni Migori sasa hivi." Sasa hivi inahitaji gari. Baba akaondoka mbio kutafuta gari la samaki, na mimi nikalazwa nyumbani sebuleni, juu ya mkeka.

Kina mama wa kanisa walikuja. Walikuja kwa upendo, nawajua wote kwa majina. Walisimama kunizunguka wakaimba wimbo mzima kwa sauti nne, na mmoja alikuwa akipiga makofi. Kila kofi lilikuwa kiboko. Nilipinda, nikaachiliwa, nikapinda. Kitu kilipasuka mgongoni, na baadaye hospitali waliniambia ni pingili ya uti iliyobonyea kwa nguvu za misuli yangu mwenyewe. Mimi mwenyewe nilikuwa najivunja.

Ndipo Dani akaingia. Dani ni nyanya yangu, mama yake Baba, na anaishi boma hilo hilo.

"Tokeni," akasema.

"Mama, tunamwombea mtoto."

"Mnamuua na hizo nyimbo. Mungu wenu ni kiziwi? Tokeni nje mkaombee kimya, na mlango mfunge."

Walitoka. Dani akafunga dirisha, chumba kikawa na giza, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mwili wangu ukalegea kidogo. Lazima niseme kitu kuhusu mdomo wa Dani. Ana pengo la meno sita ya mbele ya chini, kama Wajaluo wengi wa rika lake. Watu wa siku hizi wanadhani ilikuwa urembo. Yeye alikuwa akituambia kwamba ule ni mlango: mtu akifungwa taya, maziwa yanapitishwa pale, naye hafi kwa njaa. Baba alipokuwa kijana alitoroka asitolewe yake, akakimbilia kwa Wasabato, na nadhani ugomvi wao ulianzia hapo, mimi nimeukuta tu.

Dani alipiga magoti karibu na kichwa changu. Mkononi alikuwa na chuma chembamba bapa, cha zamani, kimefungwa kitambaa upande mmoja. Akaweka kidole chake kiganjani mwangu.

"Nyakwara," akasema. Ni kama kusema mjukuu wangu. "Una kiu?"

Sijui nikuelezee vipi kiu ile. Mate yalijaa na sikuweza kuyameza, na wakati huo huo koo lilikuwa limekauka. Nilibana kidole chake.

"Nikikutoa meno itauma kuliko kitu chochote. Lakini utakunywa. Nitoe?"

Nilibana tena. Nataka hili lieleweke vizuri. Aliniuliza, na mimi nilikubali. Mama alikuwa chumba cha pili akifungasha nguo zangu. Hakuna aliyeona.

Aliweka goti lake kifuani kwangu ili nisiruke, akaingiza chuma kati ya jino na ufizi, akasukuma. Sitaandika yote. Jino moja lilitoka na mzizi wake, na damu ikashuka kooni, na mwili wangu ukajibu kwa nguvu zake zote. Kifua kilifunga. Pumzi haikuingia wala kutoka. Niliona paa la mabati likigeuka jeusi kuanzia pembeni kwenda katikati.

Baba akaingia wakati huo.

Ona aliyoyaona: mtoto wake amekuwa wa bluu, mdomo umejaa damu, na mama yake amempigia goti kifuani na chuma mkononi. Alimshika Dani mabega yote mawili akamtupa. Hakumsukuma, alimtupa, na Baba ni mtu wa kunyoosha vyuma kila siku. Dani aligonga jiwe la kusagia lililokuwa karibu na mlango, na mkono wake ukalia kama kuni kavu.

"Umeniulia mtoto!"

Dani alikuwa chini, mkono umekaa vibaya. Alimtazama Baba. "Mimi ndiye niliyekuzaa," akasema, polepole. "Mimi. Na umenipiga."

Kwetu hilo ni jambo ambalo hata walevi hawalifanyi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na nguo zangu mikononi. Kifua changu kilifunguka, nikavuta pumzi, na kitu cha kwanza nilichotaka kufanya na pumzi hiyo ni kusema, Baba, mimi ndiye niliyekubali. Meno yangu yalikuwa yamefungwa kama kufuli. Kuanzia hapo sikuogopa kufa tu. Niliogopa kufa na hilo neno ndani.

Gari lilikuwa pikapu ya samaki. Walinilaza kati ya masanduku ya barafu, na maji ya sangara yakawa yananitiririkia mgongoni. Kila shimo la barabara lilinikunja. Nimeshawahi kushuka kilima bila breki, lakini kilima kina mwisho. Mama alinilalia juu, akaziba masikio yangu kwa viganja vyake, akawa ananiimbia, si kwa sauti, ila kwa kifua tu, nikisikia mtetemo.

Migori tuliwekwa kwenye benchi. Kulikuwa na foleni, na foleni ni foleni. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniangalia, akamuuliza Mama, "Amepagawa?" Mama akasema ni pepopunda, na yule mwanamke akasogea mbali, kisha akarudi, akavua leso yake na kunifunika macho. "Mwanga unamsumbua," akasema. "Dada yangu alikuwa hivyo." Mama hakuuliza dada yake yuko wapi. Tabibu alipotuona alinidunga dawa ya kutuliza na kuandika tupelekwe Homa Bay, kwenye chumba cha peke yangu. Baba alikuwa anapiga kelele kwenye korido mpaka askari wa lango akamshika mkono.

Homa Bay nililala katika chumba ambacho kilikuwa stoo. Walipigilia blanketi dirishani. Sista mmoja mnene, mwenye sauti ya chini kabisa, aliwaambia wazazi wangu sheria za chumba: "Hapa hakuna kuongea, hakuna kuwasha taa, hakuna kuburuta kiti. Mkitaka kulia, lieni nje." Yeye mwenyewe alivua viatu mlangoni kila alipoingia, akatembea na soksi. Wema wa aina hiyo sijausahau. Kuna pia mama mmoja wa wodi ya jirani ambaye alifunga kitambaa kwenye mpini wa ndoo yake, kwa sababu aliona nikiruka kila ilipolia.

Siku ya kwanza walifungua mguu. Daktari alikata lile kovu zuri lote, akakwangua ndani, na kilima kikatoka. Mama anasema kilitoka cheusi na kinanuka kama boma la ng'ombe. Walinidunga dawa ya kupambana na sumu, walipitisha mpira puani mpaka tumboni ili nilishwe uji na maziwa, na kila walipougusa mpira ule nilipinda. Nilikuwa nahesabu wakati kwa sindano ya kutuliza tu. Ikiingia, dunia inakuwa sufi. Ikianza kuisha, nasikia inzi akitua ukutani na visigino vyangu vinaanza kutafuta kichwa.

Nitasema na ya aibu. Nilijikojolea. Hedhi ilikuja nikiwa gizani, na Mama ndiye aliyenibadilisha, akinigeuza taratibu sana, akiogopa kila mguso, na mimi nilitamani kufa kwa aibu kuliko kwa ugonjwa. Nywele zilitoka kwa mashada kisogoni, pale niliposimamia. Miguu yangu niliyojivunia iliyeyuka. Siku moja Sista aliinua shuka nikaona goti limekuwa kubwa kuliko paja.

Wazazi wangu waligombana juu yangu kwa kunong'ona. Hujasikia ugomvi kama huo. Mtu anataka kupiga ukelele na sheria ya chumba haimruhusu, basi maneno yanatoka kama mvuke.

"Mama yako ameenda kwao," Mama alinong'ona. "Kosele. Amebebwa akiwa na plasta mkononi. Mwanamke mwenye wajukuu anarudi kwa kaka zake kama bibi arusi aliyepigwa. Watu wanasema nini?"

"Akae huko huko."

"Wuon Awuor," Mama akasema, yaani Baba Awuor, "ni mama yako."

"Alitaka kuua mtoto. Siku akikanyaga hapa hospitali namtoa mwenyewe."

"Utamtupa tena?"

Nikasikia kofi. Kofi la kweli, na sijui nani alimpiga nani, kwa sababu mwili wangu uliruka na Sista akaja mbio na soksi zake akawatoa wote wawili.

Masikio yangu hayakuwa na ugonjwa, hilo ndilo watu wanalolisahau. Nilikuwa nasikia kila kitu. Dani alikuwa amekuja mpaka lango la hospitali, askari akamrudisha kwa maagizo ya Baba, akarudi Kosele. Nilisikia. Nilijaribu kuandika kwa kidole kwenye shuka, N-I-L-I-K-U-, na Mama akaona kidole kinatetemeka akatoka mbio akiita, "Sista! Inaanza tena!" na nikadungwa sindano. Nilijaribu tena kesho yake. Sindano. Kila nilipotaka kumtetea nyanya yangu nililazwa usingizi.

Mwezi mzima ulikuwa umepita na mvua zimekatika mshtuko ulipoanza kunisahau. Kwanza ulikuwa unakuja kwa kelele kubwa tu, halafu kwa kuguswa tu, halafu siku moja sahani ilianguka kwenye korido na mimi nikashtuka kama mtu wa kawaida. Walitoa mpira puani. Waliondoa blanketi dirishani kipande kwa kipande. Taya ndilo lililokuwa la mwisho. Sista alinipa vijiti bapa vya mbao, vile vya kushikia ulimi, niviingize kati ya meno kimoja juu ya kingine, na kila nikiongeza kimoja machozi yalinitoka. Lile pengo la jino lilinisaidia, lazima niseme ukweli. Pale ndipo kijiti cha kwanza kilipopenya.

Baba alikuwa amekaa kitandani ananimenyea chungwa. Nilikuwa na vijiti vitatu. Nikavitoa.

"Nilikubali," nikasema.

Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Chungwa lilimponyoka. "Awuor! Umesema! Min Awuor, njoo, mtoto amesema!"

"Jino," nikasema. "Dani aliniuliza. Nilibana kidole. Mara mbili."

"Usimtetee. Ulikuwa huna akili yako."

"Nilikuwa na kiu, Baba. Nilimwambia atoe."

Mama alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma yake. Baba aliokota chungwa, akalipangusa kwenye suruali, akaliweka juu ya kabati. Akatoka. Mama alinieleza baadaye kwamba alimkuta kwenye benchi za wagonjwa wa nje, katikati ya watu waliokuwa wanangoja zamu, na mfagizi alikuwa anafagia chini ya miguu yake na yeye hainui miguu.

Siku ya kuruhusiwa nilidungwa tena, kwa sababu Sista alisema ugonjwa huu haukulindi kwa kuwa ulishaupata. Lazima uchanjwe kama mtu mwingine, na chanjo zinazofuata usizikose. Nilitembea kwa kushika ukuta. Baba alisema tunaenda moja kwa moja nyumbani.

"Kosele," nikasema.

"Awuor, bado u mgonjwa."

"Kosele." Nilikuwa nimekaa kimya wiki nyingi na sikuwa na nafasi ya maneno mengi. Mama alishapakia vitu kwenye gari la Kosele.

Boma la kaka yake Dani liko nyuma ya soko. Tulimkuta uani akipepeta mahindi kwa mkono mmoja, ungo ameuegemeza kwenye plasta. Baba alisimama nje ya uzio. Hakuingia. Alikuwa amevua kofia.

Dani alituona wote na hakuinuka. "Nani amesimamisha mgonjwa juani?" akasema. "Njoo hapa. Kaa."

Nikakaa.

"Panua."

Nikapanua. Mdomo ulipanuka upana wa vidole viwili, si zaidi. Alinishika kidevu akanigeuza kuelekea kwenye mwanga, akachungulia kwa muda mrefu kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Limetoka na mzizi wote," akasema, na niliona anajisifu. "Vizuri. Bado matano."

Nilicheka. Ilinikata taya kama kisu, nikaendelea kucheka, na Mama akacheka huku akilia, akifunika uso kwa kanga.

Dani aliweka ungo chini. Akainuka, akatembea polepole mpaka kwenye uzio, na alipomfikia Baba hakumpa salamu. Alinyanyua ule mkono wenye plasta akampiga nao usoni. Ilisikika. Baba aliyumba, lakini mikono yake ilibaki chini.

"Hiyo ni ya mkono wangu," Dani akasema. Akampiga tena. "Hiyo ni ya kunirudisha langoni, mbele ya askari, kama mwizi wa kuku."

Damu ilikuwa inamtoka Baba mdomoni. "Mama," akaanza.

"Sitaki maneno. Mkono mmoja siwezi kuteka maji, na mke wako na mtoto hawajala." Akampa ndoo. "Nenda."

Baba alichukua ndoo. Kutoka pale uani niliweza kumwona kisimani, amepanga foleni nyuma ya wasichana na kina mama wa Kosele, mtu mzima amejaa damu kwenye shati la Sabato, na hakuna hata mmoja wao aliyemuuliza kitu.